Mdomo Haujui Ujirani

Binti yangu ndiye mhasibu wa samaki nyumbani kwetu. Kila asubuhi kabla ya shule, sare mwilini na kiatu kimoja bado mkononi, husimama mbele ya tangi la kioo lililo barazani na kuhesabu. Jumatatu moja alihesabu gapi kumi na wawili. Jumanne, kumi na mmoja. Alhamisi akaja jikoni na uso wa mtu aliyefiwa: "Baba, wamebaki tisa. Nimerudia mara tatu."

Nikatoka kutazama. Maji safi, pampu inabubujisha hewa kama kawaida, maiti hata mmoja hakuna. Pale pembeni oska wetu ametulia kama mgeni aliyetoka kwenye pilau ya harusi.

Nilimnunua oska huyo Dar es Salaam akiwa na urefu wa kidole changu cha mwisho. Muuzaji aliniapia kwamba samaki hukua kwa kufuata ukubwa wa tangi, kwa hiyo nisiwe na wasiwasi. Nami sikuuliza mara ya pili. Oska asili yake ni mito ya Amazoni, Amerika Kusini, na akitunzwa vizuri hupita sentimita 30. Tangi dogo halimzuii kukua kwa heri; humdumaza kwa maradhi na maji machafu, na wakati huohuo mdomo wake unazidi kupanuka.

Hapa Zinga watu wanajua samaki wa sufuriani kuliko wa kutazama. Bibi mmoja jirani yetu alipoliona tangi mara ya kwanza alikaa kitako, akalitazama kwa heshima zote, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, hawa wanapikwa lini?" Lakini siku hizi naona matangi ya samaki wa mapambo kwenye sebule, kwenye saluni, hata kwenye migahawa ya barabara ya Bagamoyo. Na kila mwenye tangi niliyezungumza naye ana kisa cha samaki waliopungua usiku. Nimeandika haya kwa ajili yao.

Neno langu kuu ni moja, na yote yafuatayo ni matawi yake. Samaki mkubwa hafundishiki adabu. Hana uchoyo wala ukatili; ana mdomo, na kinachoingia mdomoni ni chakula. Ukimpiga kwa fimbo ya wavu au kumnyima chakula kwa hasira, hatajua umemwadhibu kwa kosa gani. Anayepaswa kupanga nyumba ili mdomo usikutane na kinachouenea ni wewe.

Peleleza kabla ya kuhukumu

Samaki aliyepotea si lazima ameliwa. Kwanza chungulia nyuma ya meza na chini ya zulia. Gapi huruka, hasa maji yakiwa mabaya au wakifukuzwa, na tangi lisilo na kifuniko hupoteza samaki wengi kuliko mwenyewe anavyodhani. Ukiona msururu wa sisimizi unaelekea nyuma ya kabati, ufuate.

Pili, huenda alikufa mwenyewe, kisha wenzake na konokono wakamaliza mwili kabla hujaamka. Samaki wa sentimita 3 humalizwa usiku mmoja. Ikiwa wengine wanahema juujuu au wamefumba mapezi, shughulikia maji kwanza, maana hapo muuaji si samaki.

Tatu, ndiyo, huenda ameliwa. Mara nyingi dalili hutangulia: mikia iliyochanika, magamba yaliyobanduka, samaki wadogo wanaojibanza kwenye kona ya juu na hawashuki hata chakula kikimwagwa. Kaa mbele ya tangi wakati wa magharibi, giza linapoanza kuingia na taa bado haijawashwa. Hiyo ndiyo saa ya wawindaji wengi. Dakika ishirini za kukaa kimya zitakueleza mambo ambayo mchana mzima hautakueleza.

Usidanganywe na utulivu. Ziwa Nyasa lina samaki anayeitwa kitaalamu Nimbochromis livingstonii, mwenye mabaka kama nyama iliyoanza kuoza. Hulala ubavu mchangani na kujifanya maiti. Wadogo wakija kudonoa mzoga, mzoga unafumbua mdomo.

Pima mdomo, usipime tabia

Wauzaji hupenda kusema "huyu mpole" na "huyu mkorofi". Upole una maana yake, lakini hauzidi kipimo. Mtazame mkubwa anapokula: taya za samaki wengi huchomoza mbele, na mdomo hupanuka kuliko unavyoonekana ukiwa umefungwa. Kisha mtazame mdogo kwa kimo cha mwili, kuanzia mgongoni hadi tumboni. Kimo hicho kikienea kwenye mdomo uliopanuka, usiwaweke pamoja, hata kama wamekaa wiki tatu kwa amani. Hiyo si amani, ni ahirisho.

Mimi hufuata kipimo chepesi: mdogo asipungue theluthi mbili ya urefu wa mkubwa. Kipimo hiki hufaa kwa samaki wengi wa mapambo wenye umbo linalokaribiana. Kambare hahusiki nacho. Ana mdomo mpana, huwinda gizani kwa sharubu zake, na humeza samaki ambaye ungedhani hamwezi. Kambare mchanga aliyeokotwa kwenye mfereji baada ya mvua anapendeza mkononi mwa mtoto, lakini mahali pake si kwenye tangi la gapi.

Kabla ya kulipa, uliza swali moja: huyu akikomaa atakuwa na urefu gani? Gapi dume huishia karibu sentimita 3 na jike hufika 5 au 6. Samaki wa dhahabu wa kawaida, yule anayeuzwa ndani ya mfuko akiwa kama kidole, huweza kupita sentimita 20. Koi hupita 60, na kwake ni bwawani. Sato hupita 30 bila tabu. Frontosa wa Ziwa Tanganyika, mwenye milia na nundu ya utosini, naye hupita 30, na ingawa huenda polepole kama mzee wa baraza, porini huwameza samaki wadogo waliolala. Asiyejua kukujibu swali hilo, usinunue kwake siku hiyo.

Walichotufundisha furu

Kama unadhani haya ni mambo ya kwenye kioo tu, kumbuka Ziwa Victoria. Sangara waliingizwa humo miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa muda mrefu hawakuonekana kuwa tishio. Miaka ya 1980 idadi yao ikafumuka, na furu, samaki wadogo wa mamia ya spishi zisizopatikana kwingine duniani, wakapukutika. Maji yaliyochafuka na uvuvi navyo vilichangia, lakini mdomo wa sangara ulikuwa na sehemu kubwa.

Jambo la kutazama ni nani walipona. Miongoni mwa walionusurika vizuri ni wale wa kwenye miamba, kama mbipi wa Mwanza, ambao hujipenyeza kwenye nyufa ambamo sangara hawezi kupita. Wengine ni wa pembezoni, kwenye mafunjo, ambako hewa majini ni kidogo na sangara haivumilii. Na katika Ziwa Kanyaboli, Siaya, Kenya, lililotengwa na ziwa kuu kwa kinamasi cha Yala, bado yumo ngege, jamii ya perege aliyekaribia kutoweka katika ziwa kuu. Hakuna aliyepona kwa sababu sangara alimhurumia. Walipona kwa nyufa, kwa majani na kwa ukuta. Hizo ndizo silaha zako tatu pia.

Nyufa: vifuu, vyungu na mawe

Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa gapi, kifuu chenyewe ni ngome. Huku pwani hatununui mapango ya plastiki wakati vifuu vimejaa jaani. Chukua kifuu kizima, kwangua nyama ya nazi yote isibaki hata utando, maana ikibaki itaoza na kuharibu maji. Kisafishe makumbi kwa kisu au msasa. Kichemshe, mwaga maji, kichemshe tena, mpaka maji yaache kutoka rangi ya chai ya rangi. Kisha toboa matundu pembeni.

Ukubwa wa tundu ndio siri. Mdogo apite kwa raha, mkubwa asipitishe hata kichwa. Na yawe matundu mawili au zaidi, kwa sababu pango lenye mlango mmoja ni mtego: mkubwa atakaa mlangoni na kusubiri. Vipande vya bomba la plastiki la maji, la nusu inchi na la robo tatu, hufanya kazi hiyohiyo. Vikwangue kingo visikate mapezi. Chungu kilichovunjika mdomo kikilazwa ubavu ni nyumba nzuri ya samaki wa kati.

Samaki wa Ziwa Tanganyika waitwao Neolamprologus multifasciatus, ambao hawafiki hata sentimita 5, huishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Kwao wewe chota makombe tu, uyaoshe na kuyachemsha, uyatawanye mchangani. Hakikisha ni matupu kweli, maana kaa hupenda kuyahamia.

Mawe yanataka tahadhari. Jiwe la tumbawe huyeyusha chokaa kidogokidogo na kuyafanya maji kuwa magumu. Samaki wa Nyasa na Tanganyika hulipenda hilo, na gapi hustahimili vizuri, lakini wale waliozoea maji laini ya Amazoni hudhoofika. Usivunje tumbawe lililo hai baharini, wala usijaribu kubeba jiwe kutoka magofu ya Kaole. Vipande vya zamani visivyo na rangi wala saruji vinapatikana kwenye viwanja vyetu wenyewe.

Idadi nayo ni muhimu. Maficho yawe mengi kuliko samaki wadogo, yatawanywe chini, katikati na juu. Pango moja zuri huleta vita vya kuligombea, na wanaoshindwa ndio wanaoliwa.

Majani

Majani huvunja mstari wa macho. Samaki asiyemwona mwenzake hamfukuzi. Majani yanayoelea yenye mizizi mirefu ni kimbilio la watoto wa gapi, kwa sababu wao hukimbilia juu mara tu wanapozaliwa. Ukiyatoa kwenye dimbwi, yakagueni pamoja, wewe na mtoto mwenye macho makali: mayai ya konokono, ruba, na viluwiluwi wa kereng'ende, ambao nao ni wala samaki wachanga. Yaloweke kwenye ndoo siku kadhaa kabla ya kuyaingiza. Gugumaji likikuzidi, lianikwe juani lifie huko. Lisirudishwe kwenye mto wala bwawa.

Ukuta, na hatari ya chandarua

Wakati mwingine huna tangi la pili na huwezi kuachana na samaki yeyote. Gawa tangi. Tangi langu lina urefu wa sentimita 90, upana 40 na kina 40, yaani lita 144 likijaa, nami nimeligawa theluthi kwa mbili. Fundi wa vioo na alumini anaweza kukutengenezea fremu. Katikati weka wavu mgumu wa plastiki ili maji yapite. Uzamishe chini ya mchanga, kwa sababu samaki wa jamii ya perege huchimba, na uufikishe hadi kwenye kifuniko, kwa sababu huruka.

Hapa nasimama kwa msisitizo. Usitumie chandarua cha kulalia. Vyandarua vingi tunavyogawiwa vimetiwa viuatilifu vya kuua mbu, na dawa za aina hiyo ni sumu kali kwa samaki hata kwa kiasi kidogo mno. Jirani mmoja aligawa tangi lake kwa kipande cha chandarua kilichochanika, akijisifu kwa kutotupa kitu. Kufikia asubuhi mkubwa na mdogo walikuwa wamelala sawa, tumbo juu. Vivyo hivyo dawa ya mbu ya kupuliza: kabla ya kupuliza chumbani, funika tangi kabisa na uzime pampu kwa muda, maana pampu hunyonya hewa ya chumba na kuisukuma majini. Ukiweza, usipulize kabisa chumba chenye tangi.

Ukiamua kununua tangi la pili, usihamishe samaki siku hiyohiyo. Maji ya bomba yana klorini. Yaache kwenye ndoo wazi angalau siku nzima. Na tangi jipya halina vijidudu vyema vya kuvunja uchafu wa samaki. Chukua sponji lililotumika kwenye chujio la zamani, usiliminye wala kulisuuza kwa maji ya bomba, uliweke kwenye chujio jipya. Nimeona watu wakimwokoa mdogo mdomoni mwa mkubwa na kumuua kwa maji mabichi.

Watoto wana adui wa kwanza nyumbani

Gapi jike huzaa watoto walio hai, karibu kila wiki nne, na akimaliza kuwazaa huweza kuwageukia. Tumbo lake likiwa la pembe na doa jeusi la nyuma limekolea, mhamishie kwenye chombo chake chenye majani mengi. Akishazaa, mrudishe yeye, watoto wabaki. Walishe kidogo mara tatu au nne kwa siku: kiini cha yai la kuchemsha kilichosagwa na kuchujwa, kiasi cha ncha ya kijiti, maana kikizidi maji yananuka. Wabaki huko mpaka wapite kipimo cha mdomo. Usihesabu wiki, pima mwili.

Perege ana maajabu yake. Mama huokota mayai, akayabeba mdomoni kwa takribani wiki mbili, na chakula karibu hagusi. Watoto wakishaanguliwa hutoka kutembea, na hatari ikitokea humrudia mbio na kuingia mdomoni mwake kama watoto wanaokimbilia mlango wa nyumba. Ni mdomo uleule. Siku chache baadaye, ulezi ukiisha na njaa ikirudi, mtoto aliyepita mbele yake hana tena jina. Watenge mara wanapoacha kumrudia.

Wanaofuga kambare au sato kwa biashara wanalijua tatizo hili kwa hasara. Katika kundi la vifaranga wa umri mmoja wawili watatu hutangulia kukua, wakaanza kuwameza ndugu zao, na kadiri wanavyomeza ndivyo wanavyozidi kukua. Dawa ni kuwapanga kwa ukubwa kila baada ya wiki moja au mbili, kila daraja na wavu wake. Kwa ushauri wa ufugaji wa bwawani, muulize afisa uvuvi wako. Sisi wa huku tuna bahati ya kuwa na kampasi ya Mbegani ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, jirani kabisa.

Chakula na zamu ya kuingia

Kushiba hakumfanyi mkubwa kuwa mtakatifu, ila hupunguza kuhangaika kwake. Mpe yeye kwanza, upande mmoja wa tangi, kisha wadogo upande wa pili wakati yeye ana shughuli. Dagaa wakavu wasio na chumvi, waliosagwa, wanafaa, toa mabaki. Usimzoeze kula samaki hai. Unamletea maradhi, na unamkumbusha kila wiki kwamba vinavyoogelea vinalika.

Unapoanzisha tangi, waingize wadogo kwanza wajue nyufa zote, mkubwa aje mwisho. Ikiwa mkubwa ameshatangulia, hamisha mawe na vifuu kabla ya kuleta wageni, ili naye ajikute mgeni kwenye nyumba yake. Elesha mfuko wao juu ya maji kwa robo saa, taa zimezimwa, ndipo uwaachie.

Mkubwa aende wapi?

Mara nyingine jibu ni kuachana. Mpe mtu mwenye tangi kubwa, au mrudishe dukani hata kwa hasara. Usimtupe mtoni Ruvu, wala bwawani, wala kwenye madimbwi ya mvua. Madimbwi hayo ya ukanda wa Pwani unayoyaona yakikauka kila kiangazi yana wenyeji wake: samaki wadogo wa rangi za kung'aa, wa jamii ya Nothobranchius, ambao mayai yao hukaa kwenye tope kavu yakisubiri mvua. Sangara naye alikuwa mgeni tu siku ile ya kwanza.

Ikiwa aliyezidi ni sato au kambare, na hujamtia dawa yoyote ya kwenye tangi, basi swali la bibi jirani lina jibu, na jibu linakwenda vizuri na tui zito.

Oska wetu alichukuliwa na rafiki mwenye tangi la lita 500, akamweka na samaki wa kimo chake. Tangi letu sasa lina gapi, vifuu vitano na mabomba manne. Asubuhi binti yangu hachoki kulalamika kwamba hawahesabiki, wanaingia tundu hili na kutokea lile. Namwambia aache kuhesabu, avae kiatu cha pili, gari la shule limefika.